Wivu Wangu kwa Zuhura Aliyekataa Kusaini

Koleta, mama,

Najua ukiifungua hii utasema shikamoo kabla hujasoma mstari wa kwanza, kwa hiyo marahaba, mwanangu. Umeenda na mama yako kumuaga bibi, nyumba imebaki na mimi na kuku. Nimeamua kuandika sasa hivi, jua bado liko juu, kwa sababu jioni wageni watajaa na mimi nitakuwa nacheka nao na kujifanya sina neno moyoni. Kesho asubuhi nitakupa mkononi. Isome ndani ya basi kabla hamjafika Biharamulo.

Mambo ya nauli, ya kulishika begi vizuri na kutokula ovyo njiani, sitayagusa. Mama yako amekwisha kukwambia, na shangazi zako wamerudia hadi ukaanza kupiga miayo. Mimi nina jambo moja. Kesho utalala kwa Zuhura pale Biharamulo, keshokutwa uendelee hadi Geita ukaanze kazi yako ya maabara hospitalini. Nataka uingie kwenye nyumba ile ukiwa umelijua jambo hili kutoka kwangu, maana miaka yote uliyokaa kwake hakukwambia, na mimi nimejinyamazia kama vile sikuwepo.

Nianze na lililo jepesi. Ninamwonea wivu Zuhura. Si ule wivu unaoufikiria, usije ukacheka mbele ya abiria. Ninamwonea wivu wa mambo madogo madogo ambayo mtu mzima hatakiwi hata kuyaona. Unaitia chai tangawizi nyingi kama yeye. Unamwita mama mdogo ilhali hana udugu wowote na sisi, yeye Muislamu wa Nemba na sisi Wahangaza wa Bukiriro tuliobatizwa ukoo mzima. Ilipokuja barua yako ya kazi, uliisoma mara tatu, ukachukua kalamu, ukaweka alama penye muda wa majaribio, ukasema, "Hapa nitawauliza." Mama yako alifurahi hadi akapiga kigelegele. Mimi nilitoka nje nikaenda kuwakatia majani mbuzi waliokuwa wameshiba. Nilijua hukujifunza kwangu kusoma karatasi hivyo. Mimi ndiye baba yako, nimekubeba mgongoni hadi zahanati mvua ikininyeshea, halafu mwanamke wa kahawa anakuja kukufundisha kitu kizuri kuliko vyote nilivyokupa. Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Sasa nikueleze alikojifunzia yeye, na nilikokuwa mimi siku hiyo.

Unakumbuka nilikuwa naendesha mashine ya kukoboa kahawa kule Biharamulo, na sisi wawili tukiishi kwenye chumba cha kupanga ili usome sekondari pale mjini, mama yako akibaki huku na shamba. Zuhura alikuwa upande wa wanawake wanaochambua kahawa. Mwenzangu wa mashine alikuwa Fidelis wa Bisibo, mtu wa makamo, mcheshi, mwenye watoto wanne. Mashine ile ilikuwa na kinga ya chuma mbele ya mkanda. Meneja aliagiza ifunguliwe, kwa sababu kila ilipobidi kusafisha tulipoteza muda kufungua na kufunga. Tukaizoea ikiwa wazi. Mimi mwenyewe niliibeba ile kinga nikaiegemeza ukutani, na ikakaa pale hadi buibui wakaifanya nyumba yao.

Siku moja mkanda ulimkamata Fidelis mkono. Alipoteza vidole vitatu. Sitakueleza zaidi ya hapo.

Akaja mkaguzi wa serikali wa usalama kazini. Alituuliza mmoja mmoja. Wengi walisema hawakuona. Zuhura alisema kinga iliondolewa tangu kabla ya mavuno. Mimi niliulizwa baada yake, na nilisema hivyohivyo. Nakuomba uliweke hilo kichwani unaposoma yanayofuata, kwa sababu ni kweli na ndilo pekee ninalojivunia katika habari hii yote. Siku ile tulikuwa sawa, mimi na Zuhura.

Baada ya wiki mbili yakaanza. Mimi nilitolewa kwenye mashine nikapewa ufagio nizoe pumba, mimi niliyeiendesha mashine ile miaka tisa. Zuhura akaanza kuandikiwa barua za onyo. Amechelewa dakika tano, onyo. Ameongea wakati wa kazi, onyo. Amevaa kanga badala ya koti la kazi, onyo, na makoti yenyewe hayakuwepo. Watu wakaacha kukaa na sisi wakati wa kula. Mtu uliyemlipia chai mwezi uliopita anakuona unakuja, anasimama na sahani yake. Nilidhani mambo yatapoa yenyewe. Zuhura alinunua daftari la shule, la mistari, akawa anaandika kila siku: leo nimeambiwa hivi, na fulani, saa fulani, fulani alikuwepo. Nilimcheka. Nilimwambia, "Mama Shabani, unataka kuwa karani?" Akaniambia, "Baba Koleta, andika na wewe." Sikuandika.

Ijumaa moja tukaitwa ofisini, kila mtu kwa zamu. Mezani kulikuwa na barua imeshachapwa, jina langu limeshawekwa. Ilisema mimi Gervas ninaacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu za kifamilia. Meneja akasema, kwa upole kabisa, "Mzee, saini uondoke na heshima yako. Usiposaini nitakufukuza, na hakuna atakayekuajiri Kagera nzima." Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa. Unajua mimi Kiswahili cha ofisi huwa kinanitoa jasho, nikikasirika maneno yote yanarudi Kihangaza. Nikaichukua kalamu, nikasaini. Haikuchukua dakika mbili.

Zuhura aliingia baada yangu. Aliomba aende na barua nyumbani akaisome. Wakamkatalia. Akaomba nakala. Wakamkatalia. Basi akachukua ile kalamu, na pale pa saini akaandika, "Sijaomba kuacha kazi," akaweka tarehe, akatoka. Siku hiyohiyo wakamwandikia barua ya kumfukuza. Alipita getini ameishika hadharani kama mtu aliyetoka kuchukua cheti. Nilimwona nikiwa nimesimama nje na barua yangu niliyoikunja mara nne mfukoni. Wivu wangu ulizaliwa pale getini. Sikumwonea huruma wala sikumwonea fahari. Nilisema moyoni, anajifanya nani huyu.

Jumamosi nikaja huku nyumbani. Jumapili, tumetoka misa, nikaona baba mkubwa Petro anaingia uani na shemeji yetu Elias, aliyekuwa msimamizi pale kiwandani, na nyuma yao kibuyu cha pombe ya ndizi. Unajua kwetu hilo maana yake nini. Baba mkubwa akasema, "Gervas, hiri jambo riishie hapa. Meneja ametutuma, hataki ubaya. Tusichekwe na watu." Ikaletwa mirija, tukakaa chini tukavuta pamoja, mimi, baba mkubwa na shemeji. Ukishavuta pombe na mtu aliyekuja kukuomba, jambo limekwisha. Ukilifufua unaonekana huna malezi, na ukoo wako unaaibika pamoja nawe. Nililijua hilo vizuri. Nilivuta hadi kibuyu kikalia, na nikarudi Biharamulo nikijiona nimemaliza jambo kiutu uzima. Hakuna aliyenirudishia kazi katika pombe ile. Wala haikutajwa.

Sasa tafadhali usikasirike mapema. Kuna zaidi.

Siku kama ya ishirini tangu Ijumaa ile, Zuhura alikuja pale chumbani kwetu. Wewe ndiye uliyempa kigoda. Nilikutuma ukanunue mafuta ya taa ilhali yalikuwepo, kwa sababu sikutaka usikie. Alikuwa na fomu mbili, moja yake, moja ameniletea mimi. Alikuwa ameuliza kwa watu wa chama cha wafanyakazi na wakamfafanulia. Akaniambia mtu aliyebanwa hadi akaandika barua ya kuacha kazi, sheria inaweza kumhesabu ameachishwa, hata kama saini ni yake. Akaniambia kumwondoa mtu kwa sababu alimwambia mkaguzi ukweli si sababu halali, na kwamba mwajiri ndiye atakayebanwa kuthibitisha sababu yake. Akaniambia tuna siku thelathini za kupeleka malalamiko kwenye tume ya migogoro ya kazi, na zimebaki chache. "Twende wawili, Baba Koleta. Tukiwa wawili itakuwa vigumu kusema tunatunga."

Nilimjibu kwamba mimi nimeshakunywa. Akauliza, "Umekunywa na nani, na mkataba wako wa kazi uliufunga na nani?" Nikamwambia yeye hawezi kuelewa mila zetu. Akaacha fomu yangu mezani akaenda zake. Niliitumia kuwashia jiko. Siku thelathini zikapita. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, ila lazima aeleze sababu ya msingi. Mimi ningeeleza nini? Kwamba nilikunywa pombe na shemeji, na kwamba sikutaka kumfuata mwanamke nyuma?

Kwa miaka mingi nimewaambieni, wewe na mama yako na yeyote aliyeuliza, kwamba Zuhura aliweza kwa sababu yeye Muislamu, hanywi, hivyo hawakuwa na njia ya kumfunga. Umenisikia nikisema hivyo hata juzi. Ni uongo, Koleta. Shemeji Elias mwenyewe alinisimulia. Walimwendea Zuhura na kreti nzima ya soda, pamoja na mjomba wake na wazee wawili wa Nemba. Aliwakaribisha vizuri sana, akawapikia chai. Kisha akasema, "Wazee wangu, nawaheshimu. Soda rudini nazo. Ya kazini tutayaongelea kazini." Mjomba wake alinuna mwaka mzima. Kwa hiyo dini haikumwokoa na kitu. Alibanwa na ndugu kama nilivyobanwa mimi, akavumilia kununiwa.

Nimefika pale ambapo tangu asubuhi natafuta namna ya kupakwepa.

Kesi ya Zuhura ilipoanza kusikilizwa, meneja alinitumia ujumbe kupitia Elias. Nikienda kuwa shahidi wa kiwanda, nitarudi kwenye mashine yangu. Nilikwenda hadi Bukoba nimevaa shati langu la Krismasi. Tulikaa chumba kidogo, meza moja, mwamuzi wa tume upande ule, Zuhura na mtu wa chama upande huu. Niliapa kwa Biblia. Nikaulizwa kama Zuhura alikuwa mchelewaji. Nikasema ndiyo. Nikaulizwa kama kinga ya mkanda ilikuwepo. Nikasema ilikuwepo.

Wakamruhusu Zuhura aniulize maswali. Nilitegemea atanitukana, na kwa kweli nilitamani anitukane. Aliuliza moja tu. "Baba Koleta, vidole vya Fidelis vilikatwa na nini?" Nilitazama meza. Mwamuzi akalirudia swali. Nikatazama meza. Zuhura akasema, "Sina swali lingine," akakaa.

Sitaki uniwekee udhuru kwamba nilifanya vile kwa ajili ya kazi, ili wewe usome. Ningependa iwe hivyo, na mbele ya padri nilisema hivyo. Ukweli ni kwamba sikutaka ashinde. Angeshindwa, kusaini kwangu kungeonekana ni busara ya mtu mzima, na kibuyu kile kingekuwa amani. Akishinda, basi na mimi ningeweza kushinda, na nilijinyima mwenyewe kwa mkono wangu. Sikuweza kulikubali hilo. Wivu ulinipeleka Bukoba, mwanangu, na shati la Krismasi juu.

Alishinda. Zile barua za onyo alikuwa nazo zote, na lile daftari lilimwonyesha mwamuzi kwamba hakuna onyo hata moja lililowahi kuandikwa kabla ya mkaguzi kufika. Mtu wa miaka sita kazini, hana doa, halafu maonyo matano ndani ya wiki tatu. Ikaamriwa arudishwe kazini. Mimi sikurudishwa popote. Meneja alimwambia Elias kwamba shahidi aliyenyamaza hana faida. Ndipo nikafunga virago vyetu, na wewe ukanisaidia kukunja godoro ukiamini baba yako amestaafu.

Hukuwa na mahali pa kukaa ili umalize shule. Nilikuwa nimeamua urudi huku usubiri. Zuhura akamtuma mtu: "Mtoto asome. Akae kwangu. Mimi na baba yake tuna yetu, mtoto hahusiki." Mama yako alilia kwa furaha, naye hakujua lolote. Mimi nilikubali kwa sababu sikuwa na la kusema, na nilimchukia zaidi. Uliwahi kuniuliza kwa nini kila nikija kukuona naishia uani, naacha mkungu wa ndizi mlangoni na kusema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Nilikuwa nazunguka stendi hadi jioni nikisubiri gari.

Usidhani amenisamehe. Hajawahi kusema, na mimi sijawahi kuomba. Ananiitikia salamu, basi.

Kwa hiyo mawaidha yangu ni ya mtu wa namna hii, na una haki ya kuyapima. Wakikuletea karatasi iliyoandikwa tayari jina lako, usiisaini siku hiyo. Miezi sita ya kwanza uwe macho zaidi, maana nimesikia ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa unakuwa mdogo kwa mgeni; hili Zuhura atakueleza vizuri kunishinda, na ndiyo, nimeiandika sentensi hiyo nikiwa nimeuma meno. Wakikuita kwenye kikao cha nidhamu, una haki ya kwenda na mwenzako. Wakija ndugu kukuomba uachie, wapikie, wasikilize, usiwadharau. Mimi nikiwa miongoni mwao, nipikie na mimi, kisha unikatalie. Na mwenzako akisimama peke yake akisema jambo uliloliona kwa macho yako, ukahisi kitu kinakuchoma kwa nini si wewe, kijue kwa jina lake mapema. Mimi nilikiita mila, nikakiita busara, nikakiita mapenzi kwa mwanangu. Kilikuwa wivu tangu mwanzo.

Wewe una mdomo. Nimekuona darasani kwako, nimekuona hata kanisani ukimuuliza katekista maswali. Huko hospitalini utaona kitu hakiko sawa na utakisema, halafu kuna mtu hatapenda. Sijui ni lini, ila nakujua. Watakupokonya vifaa, watakuandikia maonyo, wataacha kukaa nawe mezani.

Siku hiyo usinipigie mimi. Naijua sauti yangu ikipata hofu. Nitakwambia uvumilie, uwe na adabu, ufikirie wazazi wako, na utanisikiliza kwa sababu unanipenda, na siku zitapita hadi zifike thelathini. Mpigie Zuhura. Mwambie kila kitu, fanya atakavyokuelekeza, peleka malalamiko yako. Mkishamaliza yote, ndipo unipigie baba yako. Nitajua kwamba umeanzia kwake, na nitaona wivu usiku kucha. Wewe mpigie tu.

Baba yako anayekupenda, na ambaye sasa unamjua,

Gervas
Bukiriro